Dakika Kumi za Mwanzo, Tano za Mwisho

Nilifundishwa kazi ile kwa nusu saa, na mwanamke aliyekuwa amevua kiatu kimoja kwa sababu ya kidole kilichovimba.

"Dakika kumi za mwanzo," aliniambia huku akibonyeza deki ya video, "ujue ni nani ana shida. Halafu unapeleka kanda mbele. Dakika tano za mwisho, ujue ni nani anatabasamu. Hapo katikati wanakimbizana na kulia tu. Hakuna gazeti litakupa nafasi ya katikati."

"Na kama katikati mtu amekufa?"

"Mwishoni atakuwa amezikwa. Utaona maua."

Ofisi ilikuwa Hurlingham, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa. Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Vituo vya televisheni vilikuwa vikifunguliwa jijini, na vyote vilikuwa na njaa ya vipindi vya bei rahisi. Kampuni yetu ilileta mifululizo ya Kimarekani ya mwishoni mwa miaka ya themanini, ile ambayo kwao hakuna aliyeitaka tena, ikaikodisha kwa vituo hivyo. Kanda zilifika ndani ya makasha ya kadibodi bila karatasi yoyote ya maelezo. Sisi watatu kazi yetu ilikuwa kuandika muhtasari wa kila kipindi, maneno arobaini, na kila Ijumaa mmoja wetu aliubeba ndani ya bahasha hadi mjini, kwenye magazeti. Deki ilikuwa moja. Aliyekaa akatazama kipindi kizima alikuwa anakula zamu ya mwenzake, na mwenzake hakunyamaza.

Kabla ya hapo nilikuwa mwandishi wa habari za mahakamani, mpaka gazeti letu likafungwa. Nilizoea kuandika rangi ya shati la mshtakiwa na mkono alioutumia kushika ukingo wa kizimba. Nilijivunia macho yangu. Kwa hiyo wiki za kwanza niliona vibaya kuruka. Kufikia mwezi wa pili nilikuwa namaliza kanda sita asubuhi moja, na sikuona vibaya tena.

Dada yangu alikuwa akiishi Kangemi, chumba kimoja cha mabati nyuma ya soko, kwenye ploti ya vyumba kumi. Alikuwa fundi wa cherehani, wa kupunguza suruali na kubadilisha zipu. Hakuwa na mume wala mtoto, na wazazi wetu tuliwazika nyumbani, magharibi, zamani. Kifua kikuu kilimpata mara ya kwanza mwaka uliotangulia. Alimeza dawa miezi mitatu, akapata nafuu, akanenepa kidogo, akaacha. Mimi nilikuwa nimemtembelea mara mbili katika muda huo wote. Nilijua ameanza dawa, nikadhani amemaliza.

Uliporudi, ugonjwa ulirudi na hasira. Sista wa kliniki, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini, alitueleza sote wawili mbele ya dirisha la dawa.

"Mara hii ni sindano kila siku miezi miwili, na tembe atamezea hapa mbele yangu. Baadaye atapewa tembe za kumezea nyumbani mpaka miezi minane iishe. Akikatiza tena, wadudu watakuwa wameizoea dawa. Na dawa nyingine sina. Hata hospitali kubwa, kwa mtu kama huyu, hawana. Sikutishi, kaka. Nakuambia tu vile iko."

Miezi miwili ya sindano ilipita. Alitembea hadi kliniki kila asubuhi akishikilia kuta, na mwishoni mwa mwezi wa pili alitembea bila kuta. Ndipo sista akanikabidhi kadi yenye visanduku vya siku zilizobaki.

"Kazi yako ni moja," alisema. "Umwone akimeza. Si umwulize kama amemeza. Umwone."

"Kuona ndiyo kazi yangu," nilimjibu. Nakumbuka jinsi nilivyoridhika na jibu hilo.

Nilikuwa nikikaa Dagoretti Corner. Nilitoka kukiwa bado na ukungu, nikapitia Kawangware kwa miguu, na saa kumi na mbili na nusu nilikuwa nimefika kwake. Tembe zilikuwa nne, kubwa, rangi ya matofali, na zilitakiwa ziingie kwenye tumbo tupu.

Asubuhi ya kwanza aliziangalia kiganjani mwake kama mtu aliyeletewa chenji pungufu.

"Kijana, hizi vitu zinanichoma mpaka saa sita. Sista yeye alikuwa ananitolea macho. Wewe nitakuogopa kwa nini?"

"Meza, dada."

"Nitameza. Niambie kwanza, huko ofisini kwenu mnatazama nini?"

Nikamwambia kuhusu ule mfululizo niliokuwa nao wiki hiyo, wa mjane mwenye kampuni ndogo ya ndege katika mji wa jangwani. Aliinuka akaegemea kiwiko.

"Huyo mama mwenye nywele kama kofia? Mwenye nyumba ya ngazi mbili, moja ya kupanda na moja ya kushuka?"

"Unaijua?"

"Naijua sana! Naijua katikati."

Hilo nalo linahitaji maelezo. Mwishoni mwa miaka ya themanini, nikiwa shuleni, dada yangu alikuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa familia moja upande wa Lavington. Kituo cha televisheni kilikuwa kimoja nchini, na jioni ya mfululizo huo familia yote ilikaa sebuleni. Kipindi kilipoanza yeye alikuwa jikoni akichemsha chai. Aliileta kwenye trei kipindi kikiwa kimekolea, na kwa kuwa alipaswa kusubiri vikombe, walimruhusu kusimama mlangoni. Walipomaliza kunywa alikusanya vikombe akaenda kuosha, na mwisho ulimpita akiwa kwenye sinki. Kwa miaka miwili aliona katikati tu. Karo yangu ilitoka kwenye trei ile.

"Sikuwahi kujua shida ilianzaje," alisema, "wala iliishaje. Nilikuwa nakuta watu wanalia tayari, na ninaenda wakiwa bado wanalia."

Nikaona njia. Nikamwambia nitamsimulia mwanzo, ameze, kisha nimsimulie mwisho.

"Wewe ni mkora," alisema. "Lete maji."

Ndivyo tulivyoendelea. Mjane alikuwa na wana wawili. Mkubwa alikuwa rubani, mdogo aliketi ofisini na kuzichukia ndege. Mke wa mkubwa alivaa makoti yenye mabega mapana kama kabati. Kipindi kimoja kilianza rubani akitua kwenye uwanja usio wake kwa sababu ya dhoruba, na kikaisha akiwa mezani na watoto wawili wenye pua ya marehemu baba yake. Kingine kilianza mdogo akigongwa na bawa la ndege, akasahau hata jina lake, na kikaisha akisimama mbele ya padri na mwanamke mwenye mabega, ambaye ni shemeji yake, huku rubani akiingia kanisani amelowa mafuta.

"Woi!" alisema dada. "Kwa hivyo yule shemeji alijua jamaa hakumbuki kitu?"

"Alijua."

"Mimi nilimkuta analia chumbani nikadhani anamhurumia. Kumbe nyoka."

Jirani wa dada upande wa kulia alikuwa mama muuza uji, mwanamke wa makamo aliyeamka kabla ya kila mtu kwenye ploti. Ukuta kati ya vyumba vyao ulikuwa bati moja. Aliniita mwalimu kwa sababu ya daftari langu la kuandikia vipindi, na sikumsahihisha.

"Mwalimu! Paza sauti, hapo kwa kanisa sikushika."

"Mama, hii ni dawa ya mgonjwa."

"Na mimi ni mgonjwa wa kusikia nusu nusu! Rubani alimpiga ama hakumpiga?"

Shida yangu ilikuwa katikati. Dada aliuliza kila mara: na hapo katikati ikawaje? Vipindi vingine hakuviona, kwa sababu ya siku zake za ruhusa au wageni, na alitaka kujazia. Mimi sikuwa nimeviona pia. Kwa hiyo nilitunga. Niliweka barua iliyopotea, au simu iliyokatika, au daktari aliyeletwa kwa helikopta. Alinisikiliza akiwa ametulia, akinitazama kama fundi anayekagua mshono wa fundi mwingine, kisha akasema tu, "Haya."

Na kila asubuhi mambo yalikwenda kwa mpangilio uleule. Alitia tembe mdomoni, akainua kikombe. Mimi nilifungua daftari kutafuta ukurasa wa mwisho wa kipindi. Nilipoinua macho kikombe kilikuwa kitupu na yeye alikuwa anafuta mdomo kwa kitambaa chake cha kukoholea. Niliweka alama kwenye kadi. Kadi yangu ilikuwa safi, alama zote za kalamu moja, zimelala upande mmoja. Sista aliwahi kuionyesha kwa foleni nzima.

Mwezi wa nne nilimsimulia kipindi ambacho mjane mwenyewe anaugua. Kilianza anaanguka kwenye ngazi, ile ya kushuka. Rubani alikuwa amepata kazi katika nchi ya mbali na mizigo yake ilikuwa mlangoni. Kiliisha mizigo imerudishwa juu, ndege imesimama bila kuruka, na mama yuko dirishani peke yake, amesimama wima, anatabasamu.

"Na katikati?" dada aliuliza.

"Waliita daktari kutoka mji mkubwa. Akaja na helikopta. Akampa dawa mpya, akapona."

Dada alicheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika na kitambaa kikaenda mdomoni. Jirani naye akacheka huko kwake bila kujua sababu. Nilifurahi kwamba ana nguvu za kucheka.

Lakini hakuwa na nguvu. Nililiona, maana macho ninayo. Niliandika hata kwenye daftari: mkanda wa sketi umeongezwa tundu, anaketi kabla ya kufika mlangoni, cherehani ina vumbi. Miezi miwili ya sindano ilikuwa imemwinua, na sasa alikuwa anashuka ngazi moja baada ya nyingine, huku tembe zinaingia kila siku na alama zinajaa. Nikifika kwenye kona ya ploti nilisimama kwanza nisikie kama anakohoa, kwa sababu kikohozi kilimaanisha yuko hai.

Nilikwenda kwa sista na kadi yangu.

"Dawa imekataa," nilimwambia. "Ametimiza kila siku na anaisha. Fanya kitu."

Alichukua kadi akaitazama, mbele na nyuma. Hakuisifu siku hiyo.

"Mkojo wake ni wa rangi gani?"

"Sijui."

"Kaka, hizi tembe nyekundu zikiingia mwilini, mkojo unakuwa kama soda ya machungwa. Hata jasho. Hiyo haifichiki. Unakaa naye kila asubuhi na hujui?"

Nilisema tena kwamba sijui. Sista akarudisha kadi chini ya kioo.

"Nenda ujue," alisema. "Kesho uje na makohozi yake kwa hii chupa. Na uombe Mungu sana."

Sikurudi kazini. Nilipanda Waiyaki Way kwa miguu nikijiambia kwamba nitaukuta mkojo wenye rangi ya soda ile. Nilijua ninachotaka kuona na nilikitaka kwa nguvu zote. Mlango wake ulikuwa wazi kidogo na yeye alikuwa amelala ameuelekea ukuta. Ndoo ya usiku ilikuwa bado pembeni ya kitanda, haijamwagwa, kwa sababu siku hizo hakuweza kuibeba hadi choo cha ploti. Niliinua kifuniko.

Maji yalikuwa meupe, manjano kidogo kama ya mtu yeyote.

Nilirudisha kifuniko. Nilipogeuka alikuwa amefumbua macho.

"Ziko wapi?" nilimuuliza.

Aliinua kidole kimoja tu kutoka kwenye blanketi, akaelekeza juu ya cherehani. Hapo palikuwa na mkebe wa mafuta ya kupikia aliowekea vifungo. Niliuona kila siku. Uliandikwa hata kwenye daftari langu, katika orodha ya vitu vya chumba. Niliumimina kwenye meza. Vifungo vya mashati, vya makoti, vya sare za shule, na katikati yake tembe, nyingine nzima, nyingine zimelainika zikakauka tena zimepoteza rangi. Vifungo vyeupe vilikuwa vimeshika madoa mekundu.

"Ulikuwa unazitoa na nini?"

"Na kitambaa. Ulikuwa unatazama daftari. Na hata ungetazama, nani anataka kuangalia kitambaa cha mtu wa kifua?"

"Tangu lini?"

"Si kila siku. Tumbo likikubali nilimeza."

"Sista amesema hakuna dawa nyingine! Ulimsikia kwa masikio yako! Unataka kufa?"

"Usinipigie kelele, mimi ndiye nilikuosha kamasi." Alipumua mara tatu, nne, kabla ya kuendelea. "Mara ya kwanza nilizimeza, nikapata nafuu. Ulikuja mara ngapi?"

Nilianza kurudisha vifungo kwenye mkebe.

"Sasa unakuja kila siku. Tunaongea. Tunacheka. Hizi zikiisha, wewe utakuwa unakuja kufanya nini hapa?"

Zikanijia ziara zangu zote za miaka yote: Krismasi, mazishi, na siku nilipokuwa na suruali ndefu kupita kiasi. Upande wa pili wa bati hakukusikika hata kijiko.

Kisha jirani akasema kutoka kwake, taratibu, "Mwalimu, mimi nina uji. Kama ni tumbo, akinywa kidogo kwanza hazitamchoma. Hamkuniuliza."

Kesho yake nilimwuliza sista. Akasema uji kidogo unaruhusiwa, bora zikae kuliko zitemwe, na kwamba angetuambia tangu zamani kama tungesema. Alichukua makohozi, akachana kadi yangu vipande viwili, akaandika nyingine kutoka siku ya kwanza. Makohozi yalionyesha wadudu wengi. Sindano zikaanza upya. Alisema tutapima tena baada ya miezi miwili, na siku hiyo tutajua kama dawa bado inamtambua au tumeshachelewa.

Juma hilo, ofisini, nilitoa kwenye kasha kanda ya mjane aliyeanguka. Zamu yangu ilipofika sikuipeleka mbele. Mwenzangu wa kidole kilichovimba alisimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

"Hiyo si ulishaandika?"

"Nataka katikati."

"Wewe unaumwa," alisema, akavuta kiti akaketi, akatazama pamoja nami.

Hapakuwa na daktari wa helikopta. Kulikuwa na muuguzi wa kawaida aliyeleta tembe kwenye kisahani kila asubuhi, na mwana rubani aliyekaa kando ya kitanda akimsomea mama yake ratiba za ndege. Mama alitia tembe mdomoni, akanywa maji, akasubiri mwanawe ageuze ukurasa, kisha akazitemea ndani ya chombo cha maua. Ilichukua dakika nzima. Kamera ilikaa pale kwenye maua bila haraka yoyote. Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni na trei, miaka mingi iliyopita, akayaona hayo yote.

Nilizima deki. Mwenzangu alinitazama usoni akanipa kitambaa.

Asubuhi iliyofuata nilimwambia dada nimekiona kipindi kizima.

"Ahaa," alisema. "Sasa umejua kwamba daktari wako wa helikopta ni wa Kangemi."

"Ulijua nadanganya tangu mwanzo?"

"Tangu siku ya kwanza. Unasimulia katikati kama mtu anayekimbilia choo."

"Na yule mama ndiye alikufundisha kutema?"

"Mimi nifundishwe na Mmarekani? Mtoto wa miaka miwili anajua kutema dawa." Kisha akaongeza, akinitazama, "Lakini yeye mwanawe hakujua. Hicho ndicho nilikuwa nataka kukuuliza. Mwisho alijua?"

"Hapana. Kilikatika mama yuko dirishani."

"Basi wewe umejua," alisema. "Umemshinda."

Sikujisikia mshindi. Sindano zilikuwa zikimharibu masikio, akawa anasikia mlio kichwani na kuyumba akisimama. Baada ya kliniki nilimrudisha nyumbani nikakaa naye saa nzima, kwa sababu sikuamini tena hata tembe alizomezea mbele ya sista. Nilimwambia afungue mdomo, ainue ulimi, apeleke ulimi kushoto, kulia. Nilimnyang'anya kitambaa. Alilia mara mbili kwa aibu, mtu mzima, dada yangu mkubwa, mdomo wazi mbele yangu. Alianza kuniita askari.

"Askari, umemaliza upekuzi?"

"Bado. Inua ulimi."

"Jirani, njoo ushuhudie! Ndugu yangu anatafuta bangi kwa meno!"

Jirani alileta uji na kukaa mlangoni. Sikuleta tena daftari. Nilitazama kanda jioni, wenzangu wakishaondoka, nzima nzima, na kesho yake nilisimulia nikiwa nimemkazia macho. Nilikuwa nikichelewa na kazi. Bosi aliniita mara mbili. Nilimwambia nitafidia, na sikufidia.

Siku ya kupima ilipokaribia dada hakuweza kulala, nami sikuweza. Chupa ilipelekwa Jumatatu na majibu yalikuwa Alhamisi. Siku hizo tatu sikumsimulia kitu, kwa sababu kila kipindi nilichokijua kilikuwa na mtu kitandani. Tulikaa tu. Alishona kifungo kimoja kwenye koti langu, akakikata, akakishona tena. Alhamisi nilimwacha nyumbani nikaenda peke yangu, na kwenye foleni nilijikuta nasoma mikono ya sista kwa mbali, anavyoshika karatasi za watu, kama nilivyozoea kuwasoma mahakimu kabla ya hukumu. Ilipofika yangu aliishika kama nyingine zote.

"Hakuna wadudu," alisema. Halafu, kwa sababu sikusogea, "Kaka, hakuna. Dawa inamjua. Sasa mkamilishe hiyo miezi, na usiniletee tena kadi nzuri. Niletee mtu."

Tulikamilisha. Siku ya tembe za mwisho alifungua mdomo bila kuambiwa, akainua ulimi, kushoto, kulia. Jirani alipiga vigelegele vilivyotoa watu vyumbani. Dada alinitazama juu ya kichwa cha jirani, nami nilijua swali ni lipi.

Nilimwambia nitakuja. Nilikwenda kila asubuhi kwa wiki tatu. Bosi akanipa onyo la maandishi, nikaenda Jumamosi tu. Kisha kanda zikaongezeka, kituo kipya kilitaka muhtasari wa mfululizo wa wanasheria kabla ya mwisho wa mwezi, nikaruka Jumamosi moja, nikaruka ya pili. Sijui ya tatu na ya nne zilipitaje. Hazimo kwenye daftari langu lolote.

Jumanne moja simu yangu ililia ofisini. Alikuwa jirani, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Mwalimu, anakohoa tena. Tangu jana."

Niliiacha kanda ikizunguka. Nilishuka ngazi bila koti, nikakimbia barabara ya Argwings Kodhek hadi pumzi ikakatika, nikarukia matatu. Njia nzima nilihesabu wiki, na nilisikia sauti ya sista ikisema vile iko. Dawa nyingine hakuna. Kwenye kona ya ploti nilisimama kama zamani, nikasikia: kikohozi kirefu, kikavu, kisha kingine. Nilishika bati nikajisukuma hadi mlangoni.

Alikuwa amekaa kwenye cherehani, mashavu yamejaa, mguu juu ya pedeli. Kitambaa kilikuwa mdomoni. Aliponiona alikohoa mara moja zaidi, kisha akakishusha akanitazama usoni kwa muda mrefu, bila kucheka.

"Umekuja," alisema.

Jirani alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha uji. "Alinilazimisha nipige simu, mwalimu. Nilimwambia ni dhambi."

Niliingia, nikanyoosha mkono.

"Lete kitambaa."

"Sina kitu, kijana. Nilitaka tu kuona."

"Lete."

Alinipa. Niliketi kitandani nikakifungua chote, kona kwa kona, nikakigeuza upande wa pili, nikakipeleka kwenye mwanga wa mlango. Kilikuwa kikavu, na bado kilikuwa na mikunjo ya pasi.